Kipa Anayenong'ona

Mama ndiye aliyeweka wimbo kwenye ile video. Kwetu video haiendi kwa watu ikiwa tupu. Ya harusi ina wimbo, ya mahafali ina wimbo, ya mazishi ina nyimbo mbili. Kwa hivyo Kocha Adhiambo alipomtumia video ya mechi zangu aiangalie kabla haijaenda Riyadh, mama alikaa nayo sebuleni jioni nzima, akafuta sauti yote, akaweka pambio la kinanda toka mwanzo hadi mwisho. Mwishoni akaongeza picha yangu ya pasipoti ikizunguka kama feni, na maua pembeni.

"Si inapendeza?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Mimi huitikia kwa kichwa sana.

Video ilikuwa inaenda kwa Kocha Rawan, mwanamke Msaudia anayefundisha timu ya wasichana ya chuo kimoja cha binafsi huko Riyadh. Timu yake ya mwaka mpya ilikuwa karibu imejaa. Wasichana aliowataka walikuwa wameshapewa ufadhili, yaani karo, hosteli na chakula. Zilibaki nafasi mbili tu, na moja lazima iende kwa kipa, kwa sababu kipa aliyemchagua mwanzo alibadilisha nia akaenda Bahrain. Kocha Adhiambo ni mwalimu wetu wa michezo hapa Jeddah, na akikasirika anaongea Kijaluo. Alipopata hizo habari alinifuata hadi darasani akasema, "Valary, hii ni yako. Usiniangalie hivyo. Ni yako."

Niliitaka vibaya sana. Nikimaliza shule mpango uliokuwepo ni nirudi Kitale, nikae kwa shangazi Monicah, nisome kozi yoyote itakayopatikana. Shangazi Monicah hana ubaya. Lakini baba yuko Bandari ya Jeddah, ofisi ya makontena. Mama anafundisha chekechea Al-Rawdah. Ndugu yangu Fidel bado yuko shule ya msingi. Wote wangebaki hapa, mimi peke yangu ndiye ningepanda ndege. Na Kitale ninayoijua mimi ni ya Krismasi tu, ile ya kuchinja kuku na kupiga picha. Sijui hata kama kuna wasichana wanaocheza. Riyadh ni mbali, lakini ni mbali ya gari. Baba angeweza kuja.

Jibu la Kocha Rawan lilikuja kwenye simu ya Kocha Adhiambo. Akatusomea mimi na mama, tukiwa tumesimama kwenye kivuli cha basi la shule. "Mikono mizuri. Miguu mizuri. Wimbo pia mzuri. Lakini kipa wangu lazima aongee, na hapa simsikii. Nitumie yenye sauti."

Mama akajishika mdomo. "Sauti nilifuta kwa sababu yangu," akasema. "Nilikuwa nimemtukana refa."

"Priscah, ulimtukana mara ngapi?"

"Si ile mechi yote."

Kocha Adhiambo alikuwa bado na video ya kwanza. Tukaisikiliza pale pale. Kweli mama alikuwepo, na refa alikuwa ameitwa kipofu na mtoto wa kipofu. Lakini zaidi ya mama alisikika Mwatime. "Nyuma yako, warak! Kushoto! Panda, panda, acha huyo!" Mwatime dakika zote, kwa Kiarabu na Kiswahili na Kiingereza, kama mtu anayeuza samaki. Mimi sikusikika hata mara moja.

Nieleze hapo, kwa sababu ndiyo shida yenyewe.

Mwatime ni rafiki yangu. Kwao ni Kwale, hapa wanakaa Sharafiya juu ya duka la simu. Anacheza beki wa kati, mbele yangu kabisa. Tangu tuanze kucheza pamoja tuna namna yetu. Mimi naona. Sijui ni kwa nini naona, labda kwa sababu siongei nina nafasi ya kuangalia. Naona winga anataka kukata ndani kabla yeye mwenyewe hajajua. Basi nasema, kwa sauti ile ninayoongea nayo siku zote, "Wa kulia anaingia." Mwatime ananisikia kwa sababu amezoea, kisha anageuka spika, anawatangazia wote. Timu inajipanga. Watu wanasema Mwatime ana akili ya mpira. Mimi sijawahi kuona shida yoyote hapo, ilikuwa inanifaa kabisa. Sauti yangu ikiwa kubwa inanitisha, ni kama nimevaa nguo ya mtu mwingine.

Kocha Adhiambo alituma hiyo yenye sauti, hakukuwa na nyingine. Jibu likarudi haraka. "Huyo beki ni nani? Anaona uwanja mzima. Mleteni kwenye majaribio. Na kipa pia mleteni, nimuangalie."

Na kipa pia.

Nilienda Sharafiya kumwambia Mwatime mwenyewe. Alikuwa kwenye ngazi, ameshika mfuko wa mahamri ya mama yake. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akakaa chini.

"Vale, hawa watu wamenipenda kwa maneno yako."

Nikaangalia mfuko wa mahamri.

"Mie hata sikuomba. Nilijua beki mfupi hatakiwi. Sasa natakiwa, na roho imeitaka. Lakini macho si yangu. Unasikia? Hebu sema kitu."

"Si mbaya," nikasema.

"Si mbaya! Mtu anaibiwa mfuko, anasema si mbaya." Akanipa hamri moja. "Kula basi, labda mdomo utafunguka."

Tulienda Riyadh kwa gari la baba, kupitia Taif. Baba alikuwa ameomba ruhusa kazini na alikuwa anaendesha kama mtu aliyebeba mayai. Kocha Adhiambo alikaa mbele, mimi na Mwatime nyuma na begi la glavu katikati. Baba anaitwa Silas na ni mpole, ila ana maswali.

"Huyo kocha akikuuliza unapenda nini, utasema nini?"

Nikainua mabega.

"Ndiyo hiyo utamjibu? Mabega?"

"Baba Valary, mwache," Kocha Adhiambo akasema. "Ataongea akifika."

"Mimi namwacha tangu azaliwe," baba akasema. "Alipozaliwa daktari alidhani kuna tatizo."

Mwatime alicheka hadi akakohoa. Mimi pia nilicheka, ila mimi nikicheka ni mabega tu yanayotingishika.

Uwanja wa chuo ulikuwa na ukuta mrefu kuuzunguka, na siku hiyo wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Baba akabaki nje kwenye gari na chupa ya chai. "Yalla, haya nendeni," akasema. "Niko hapa. Siondoki."

Kulikuwa na wasichana wengi ambao wameshapewa nafasi, na wachache kama sisi wanaozitafuta hizo mbili. Kipa mwingine alikuwa Dana kutoka Dammam, mrefu, glavu mpya, sauti ya kuita gari la ng'ambo ya barabara. Kocha Rawan ni mfupi, amevaa kofia juu ya hijabu, na anaongea kidogo. Alitugawa. Vizibao vya kijani huku, vya njano kule. Mwatime kijani, na Dana golini kwake. Mimi njano.

Mwatime aliniangalia. Mimi nikamuangalia. Hatukuwa tumewaza hilo hata kidogo. Njia nzima kutoka Jeddah tumekula korosho na kuimba, na hakuna aliyewaza kwamba tunaweza kutenganishwa.

Beki wangu wa kati alikuwa msichana wa Madina anaitwa Lujain. Mchezo ukaanza, na mapema tu nikaona namba tisa wa kijani anajificha nyuma yake. "Mtu nyuma yako," nikasema, kwa Kiarabu kizuri kabisa. Lujain hakugeuka. Nikasema tena. Hakugeuka. Mpira ukapita, namba tisa akafunga. Lujain akanigeukia na mikono wazi, kama kuuliza mbona sikumwambia.

La pili lilikuwa hivyo hivyo. Niliona, nikasema, sikusikika.

Upande wa pili hali haikuwa nzuri pia. Mwatime alikuwa anageuka kumuangalia Dana kila mara, anasubiri aambiwe. Dana alikuwa anapiga kelele moja tu, "Yalla, yalla, yalla," bila kupumzika. Mwatime alisimama katikati kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Tukawafunga moja kwa sababu hiyo. Nilimuona Kocha Rawan amekunja mikono anamtazama Mwatime, na uso wake unasema, huyu ndiye yule wa video?

Adhana ikaita, mchezo ukasimama. Karibu wote wakaenda kuswali. Mimi nikakaa kwenye benchi na Kocha Adhiambo.

"Umeongea?" akaniuliza.

"Nimeongea."

"Mimi nilikuwa nyuma ya goli lako. Nimesikia ndege, nimesikia bomba la maji. Wewe sijakusikia." Akafungua chupa akanipa. "Sikukasirikii. Lakini nyumbani kule nilikuacha uendelee hivyo kwa sababu tulikuwa tunashinda. Huko nilikosea mimi."

Nikanywa maji.

Mwatime alirudi akijifunga viatu. Akapita karibu yangu makusudi. "Yule kipa wetu anasema yalla," akanong'ona. "Yalla wapi? Nimekumisi, wallahi."

Kipindi cha pili tulikuwa tumezidiwa. Kijani wakapata kona, na Mwatime akapanda hadi kwenye boksi langu, kwa sababu ni mfupi lakini anaruka. Kona ikapigwa. Mpira ukagonga kichwa cha mtu, ukapanda, ukaanguka katikati ya miguu ya watu, na wote wakaupoteza. Lujain alikuwa anaangalia juu. Namba tisa anaangalia juu. Mwatime amegeukia upande usio wake anautafuta mbinguni. Mimi peke yangu niliuona ulipo, nusu hatua nyuma ya kisigino chake.

Na nikapiga kelele.

"Mwatime! Nyuma yako, mpira!"

Sauti iliyotoka haikuwa ile yangu. Ilikuwa ya mama, ile ya kuuliza nani amemaliza maziwa. Iligonga ukuta ikarudi. Na Mwatime, ambaye kwa miaka mitatu amekuwa akigeuka nikimwambia geuka, akageuka. Hakufikiria. Akaupiga vile vile, na ukaingia kwenye goli langu.

Mwatime alijishika kichwa. Mimi nilikuwa bado nimenyoosha mkono kuonyesha mpira ulipo. Wale wengine hawakuelewa Kiswahili, lakini walielewa kwamba kipa ameongea na adui, na adui amefunga. Dana kule mbali alikuwa amekaa chini kwa kicheko.

Kocha Rawan akaja hadi kwenye boksi. "Amesema nini?" akamuuliza Mwatime.

"Amesema mpira uko nyuma yangu."

"Amekuambia wewe?"

"Ndiyo, kocha."

"Wewe si wa timu yake."

"Ndiyo, kocha. Ni mazoea." Mwatime akavuta pumzi. "Kwenye video yote ile ni yeye. Yeye anaona, ananiambia, mimi napiga kelele. Mimi ni spika tu. Nilitaka kukuambia tangu tumefika."

Nilitamani ardhi inimeze, nyasi bandia na zote. Kocha Rawan aliniangalia kwa muda. Sikuona kama amekasirika au vipi. "Endeleeni," akasema, akarudi kwenye mstari.

Sasa, mtu akishajiaibisha mbele ya watu wote hao, hakuna tena cha kuogopa. Au kipo, lakini ni kidogo. Mpira ulipoanza tena, namba tisa akajificha nyuma ya Lujain kama kawaida yake.

"Lujain, warak," nikasema, kwa ile sauti ya maziwa.

Akageuka. Msichana mzima wa Madina, ambaye hanijui, aligeuka kwa sababu mimi nimesema, akamkuta namba tisa hapo hapo akamnyang'anya mpira. Kisha akaniinulia kidole gumba bila kuangalia nyuma. Nikamwambia apande. Akapanda. Nikamwambia wa kushoto arudi. Akarudi. Koo liliniuma kama nimemeza mchanga na sikunyamaza. Bado tulifungwa tena, shuti la mbali lililonitoka mikononi, hilo nakubali. Lakini namba tisa hakufunga tena.

Baada ya mechi Kocha Rawan alituita mmoja mmoja kwenye mstari, ila mimi na Mwatime akatuita pamoja.

"Wewe," akamwambia Mwatime, "hukusubiri nigundue mwenyewe, umesema ukweli. Na unasikia ukiambiwa. Beki anayesikia ni adimu. Nafasi moja ni yako ukiitaka."

"Naitaka, kocha," Mwatime akasema haraka, kabla haijabadilishwa.

Kisha akanigeukia mimi. "Inabaki moja, ya kipa. Ni wewe au Dana. Nitaamua kesho. Lakini sijawahi kumpa mtu nafasi ambaye sijamsikia akisema anaitaka. Dana ameshasema. Wewe unaitaka?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kichwa sikisikii."

Hapo Mwatime alifungua mdomo. Nilimuona. Kwa mazoea tu, alitaka kunisemea, kama anavyonisemea dukani, kwenye basi, kwa walimu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Kisha akafunga mdomo, akaangalia viatu vyake, na akabaki hivyo.

Nikangoja. Kweli safari hii hakunisemea.

"Naitaka," nikasema.

"Kwa nini nisimpe Dana?"

"Mipira ya juu, Dana ananishinda," nikasema. Sijui kwa nini nilianza na hilo. "Lakini Dana anasema yalla tu. Mimi naweza kumwambia mtu aende wapi. Lujain anapanda mapema, inabidi aambiwe asubiri. Wa kushoto anaogopa kutumia mguu wa kulia, wanaweza kumfungia upande mmoja. Na naitaka kwa sababu nikikosa narudi Kitale, na watu wangu wote wako hapa."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa maishani. Kocha Rawan aliangalia uwanja, upande wa beki wa kushoto, kama anahakikisha. "Nitakupigia wewe," akasema. "Si baba yako, si kocha wako. Wewe."

Tulipotoka, baba alikuwa amesimama nje ya gari, amekabili ukuta.

"Kuna mtu alipiga kelele humo ndani," akasema. "Nikasema, huyo ni Priscah. Nikaanza kutafuta viatu. Ndipo nikakumbuka Priscah nimemwacha Jeddah."

"Ni huyu," Mwatime akasema.

Baba aliniangalia, halafu akafungua mlango wa gari, akaufunga, akaufungua tena. "Halas, basi," akasema. "Ingieni, tukale."

Kesho yake tulikuwa njiani kurudi. Kabla ya Taif baba akaingia kituo cha mafuta, Kocha Adhiambo akaenda kununua maji. Simu yangu ikaita, namba nisiyoijua. Mimi simu za namba nisizozijua humpa Mwatime. Nikageuka, na Mwatime alikuwa ameangalia dirishani, anasoma bei za mafuta kwa makini kama mtu aliyeajiriwa kuzisoma.

Nikapokea.

"Valary?"

"Ndiyo, kocha."

"Nina kipa wa mwaka wa tatu. Yeye ndiye wa kwanza. Pengine utakaa benchi mwaka mzima. Bado unaitaka?"

"Naitaka."

"Kwenye benchi pia tunaongea."

"Najua, kocha. Nitaongea."

"Na mipira ya juu tutafanyia kazi. Njoo na mwenzako Agosti." Akakata. Ndivyo alivyo, nimeshamzoea.

Mwatime alikuwa bado anasoma bei. Mgongo wake wote ulikuwa unasikiliza. "Basi?" akaliuliza dirisha.

"Tunaenda wote," nikasema. Akaniangukia na begi la glavu likiwa katikati yetu, na tukagongana vichwa.

Nikatoka nje kumpigia mama. Upepo wa pale ulikuwa mwingi, na malori yalikuwa yanapita.

"Umesemaje?" mama akauliza. "Sikusikii. Wamekataa?"

"Wamenichukua, mama."

"Sema vizuri, sisikii chochote."

"Nimepata nafasi. Mama, nimepata."

Wanaume waliokuwa kwenye pampu waligeuka wote. Hata yule wa dukani alichungulia. Huku mama analia kwenye simu na kuuliza ni wimbo gani utafaa kwa video ya sasa, baba, aliyekuwa ameshika mpira wa mafuta, alijiwekea kidole mdomoni akinitazama.

"Punguza sauti," akasema, anacheka. "Kuna watu hapa."